Sauti ya Prudence Ndani ya Mashini

Benchi ya Maman Scholastique iko Nyakasanza, mutaa wa Bunia, kando ya barabara, pale mapikipiki zinakata kona na kutumwagia vumbi nyekundu ndani ya vikombe. Tunakaa hapo kila asubuhi: mimi, na Honoré tunayemwita Ministre kwa sababu iko na jibu ya kila kintu, na Willy, anayetengeneza mashini za watu. Willy jina lake ya benchi ni Sudo. Njo neno anayoandika mbele ya kila amri, ile ya kuomba mashini imuheshimu kama mukubwa. Kahawa ya Scholastique ni kali, na inafaa iwe kali, maana watu wa benchi hii wanachoka mbele siku ianze.

Asubuhi ile Fulgence alikuja na ordinateur yake imefungwa ndani ya kitenge, akaiweka juu ya magoti ya Willy bila kusalimia. Kumbe hakulala. Huyu Fulgence alikuwa mwalimu wa kwaya kule Bule. Siku moja, mbele vita ifike kwao, alirekodi kwaya yake yote ndani ya kanisa. Kisha watu wakakimbia. Waimbaji wengine walikufa, wengine wametawanyika mu kambi, na yeye akafika Bunia na ile mashini na viatu ya mumoja wa watoto wake.

Sasa Prudence, mumoja wa waimbaji wake, alikuwa amekufa kwa ugonjwa hapa Bunia. Maziko yalikuwa siku ile ile, saa ya mchana. Binti yake Arlette alikuwa njiani kutoka Kpandroma, na alikuwa ameomba kintu moja tu: asikie sauti ya mama yake. Fulgence alimujibu ndiyo, sauti iko. Halafu mashini ikakataa. Inaomba neno la siri, inalipokea, inakuwa nyeusi, inaomba tena.

Ministre alikunywa kidogo, akasema ni virusi. Imetoka Kampala na mizigo, maana kibaya inajitembeza. Willy akamukumbusha kwamba mashini ile inatembea na Linux, mfumo ya bure, yeye mwenyewe njo aliiweka, na virusi haziipendi sana. Ministre akasema basi njo shida: kintu ya bure iko na mwenyewe huko mbali, na leo mwenyewe amechoka kusaidia, amekata. Akaendelea. Pengine ni zile ndege ndogo za kuchunguza, zinazopita juu usiku, zinanyonya nguvu ya mashini. Pengine mashini imejaa sauti za marehemu na haiwezi kuzibeba tena.

— Ministre, acha, Scholastique akasema. Mutu iko na matanga.

Willy alibonyeza Control, Alt na F3 pamoja. Picha zote zikapotea, kukabaki ekra nyeusi na maandishi meupe. Akatueleza kwamba huko hakuna kubofya, kunaandikwa tu, na mashini inafanya sawasawa ile umesema, hata kama umesema bujinga. Fulgence akaandika jina lake na neno la siri. Ikamufungulia. Willy akaandika df, amri ya kuuliza nafasi iliyobaki. Jibu ilikuwa fupi: diski imejaa yote, hakuna hata pa kuweka kijiko, njo maana haifunguki.

— Unaona, Ministre akasema. Nilisema imejaa.

Njo akatoa shauri yake: futa yote ya zamani. Akaweka na kidole chake juu ya klavie, pale pa kubonyeza herufi, akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Willy akakisukuma pole pole. Betri ilikuwa inashuka, kuran ya umeme ilikuwa imekatika tangu jana, na kila mutu alikuwa na shauri. Mimi pia nilikuwa na yangu: wazime, wawashe. Willy akajibu bila kuniangalia kwamba ikizimika hivyo itarudi hivyo.

Akaandika ls, na mashini ikapanga majina ya dosie zote, mifuko ya kuwekea faili, mbele yetu. Akaingia mu moja kwa amri ya cd. Akatoka. Akaingia mu ingine. Pikipiki ikapita, mutu akamuita jina, akajibu, akarudi kwa kazi. Kisha nikaona vidole vyake vinaandika rm na nyota pembeni yake.

— Hiyo ni nini? Fulgence akauliza.

— Ya kufuta. Nyota ni kusema yote iko hapa.

— Na ukikosea, inarudisha?

— Hapana. Huku hakuna kapu ya takataka. Ikienda imeenda.

Fulgence akamushika mukono. Hakumushika kwa nguvu.

— Mbele ufute, iulize. Tuko wapi sasa?

Willy alitaka kusema kwamba anajua. Nilimuona akitaka. Lakini akafuta ile alikuwa ameandika, akaandika pwd, amri ya kuuliza uko mu dosie gani. Mashini ikajibu: tuko ndani ya Musique. Mule mulikuwa kwaya ya Bule, na hapakuwa nakala kwingine.

Hata Ministre hakutafuta mezali. Willy aliweka mikono juu ya mapaja na kukaa hivyo muda, akitazama barabara, na Scholastique akamujazia kikombe bila kuombwa.

Aliporudia, alienda pole, akiuliza pwd kila mara kama mutu anayepapasa ukuta gizani. Ile iliyojaza mashini ilikuwa ndani ya Téléchargements, dosie ya vitu vya kupakua: filimu za karate. Fulgence akasema kwa aibu kwamba ni za Ministre, alimuwekea kwa sababu simu yake ni ndogo.

Ministre akaangalia chini.

— Futa, akasema.

Zikafutwa. Willy akaandika sudo reboot, mashini ikalala, ikaamuka, na ekra ikarudi na picha zake kama siku zote. Hatukushangilia. Fulgence alisema tu aksanti, akapanguza ekra na kona ya kitenge.

Arlette alifika betri ikiwa bado na kidogo. Alikuwa musichana mwembamba mwenye vumbi ya njia mu nyusi, na sura ya mutu aliyelia mu gari akamaliza. Tulimupisha akae. Alituambia kwamba bibi yake njo alimulea kule Kpandroma. Barabara zilikuwa zinafungwa, mama alikuwa anakuja mara moja moja, na akija alikuwa anaongea tu, hakuimba. Fulgence akafungua wimbo.

Ilikuwa kwaya nzima, ndani ya kanisa, na kikohozi cha mutu mwanzoni. Ilijaza kona yote. Arlette aliinama karibu na mashini, akafunga macho, akasikiliza mpaka mwisho.

— Papa Fulgence, sauti ya mama ni gani?

Fulgence akaianzisha tena. Akasikiliza na kichwa pembeni, vile walimu wa kwaya wanafanya. Alisimamisha katikati, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Willy alitafuta pa kuongeza sauti, akaongeza.

— Sijui, mwanangu, Fulgence akasema mwisho. Nilikuwa ninawakataza mutu asisikike juu ya wenzake. Mama yako njo alinitii kuliko wote.

Scholastique alikuwa amegeuza sufuria. Kahawa ilikuwa imekwisha. Arlette akapanguza nyusi zake, kisha akaomba tuanze tena, tangu ile kikohozi.