Kidole cha Jacob Hakikuwa Pale

Karibieni wote, mukae chini, muniangalie usoni, kwa sababu mukubwa wa nyumba hii anasema leo na hatarudilia. Arlette, dada yangu, ondoa kitenge usoni, unalia kama mbuzi waliyemusahau mu mvua. Tangu utoto nilikuambia kama kulia hakukupendezi. Ketsia, mke wangu, muweke mutoto hapa kwa mukono wa kushoto, huu mwingine hausikii tena kitu. Na wewe Valère, toka pale mulangoni. Najua vijana wa avenyu wanakungoja inje. Najua wanasema Jacob njo aliyenipiga risasi, wamemufunga na kamba ya pirogi ya wavuvi kwenye nguzo ya kiwanja cha mupira, wako na petroli, na wanangoja neno lako tu, wewe ndugu ya marehemu. Lakini marehemu bado anasema. Keti.

Mimi Zacharie niliacha shule mapema, walimu walishukuru Mungu, na nyinyi ni mashahidi, hakuna chuma mu Kalemie hii kilichonishinda. Moteri zilizozama ziwani, mashini za kusaga za Niemba, kufuli ambazo wenyewe walipoteza funguo, vyote vilikuja kwa Zacharie. Mapolisi, mapadri, wamama wa soko, wote waliniita Papa Fundi wakati bado sina ndevu za kunyoa. Tangu Papa na Mama walituacha, mudomo wangu na mikono yangu njo vilivyowalisha nyinyi, na mudomo ulifanya kazi zaidi, nakubali.

Sasa musikie. Vyombo vyote vya atelye ni vya Valère, lakini usichomelee bila miwani, macho yako ni madogo tayari. Mashini ya kushona ya Mama ni ya Arlette. Nyumba ni ya Ketsia na mutoto, na hakuna baba mudogo wala shangazi atakayetoka Ankoro kuja kumutupia masufuria inje. Akipata bwana mwingine, mumupokee vizuri. Ila nawaomba, awe mubaya wa sura. Usicheke, Ketsia. Ao cheka, cheka, ni vizuri nikuone vile.

Valère, unaangalia mulango tena. Haya, tufike pale unapotaka.

Munamujua Jacob. Tulilala naye mukeka mumoja tangu vita iliposukuma watu wao kutoka Moba, na Mama akamupa sahani yangu, nikamuchukia muda kidogo, kisha nikasahau kumuchukia. Alipokuwa mukubwa kamba ya wavu ilimukata kile kidole cha kuonyeshea cha mukono wa kuume, ndipo akaacha uvuvi na kwenda kulinda ngombe za tajiri kule njia ya Bendera. Tajiri alimupa bunduki ya zamani, ya wakati wa Wabeleji, ile inayotoa risasi moja kila unapovuta na kujiwekea ingine yenyewe, pamoja na karatasi yake ya ruhusa kutoka biro ya serikali. Lakini gasheti yake, kile chuma kidogo cha kuvuta, ilikuwa ngumu, fabriki iliifanya vile. Kwa kidole cha katikati Jacob alivuta mpaka jasho, na chui akabeba ndama mbele ya macho yake. Tajiri akamuambia: ndama mwingine akienda, na wewe unaenda. Njo Jacob akakuja kwangu. «Zacha, unilainishie hii kitu.» Nikamuambia: «Kwani mimi ni mama wa kupika bukari, nilainishe?» Tukacheka. Nikaichukua.

Watu wa fabriki walijua kwa nini waliiacha ngumu. Mimi sikujiuliza. Niliondoa gasheti yao, nikachonga yangu, nikaisugua na tupa mpaka ikawa laini, ukiigusa tu inakubali. Na mulinisikia wote mu baa: «Wazungu walianza, Zacharie amemaliza!» Wewe mwenyewe, Valère, ulirudilia maneno yale avenyu nzima, ukajipiga kifua utafikiri ni wewe uliyechonga.

Siku alipokuja kuichukua, aliweka risasi ili twende kuijaribu bondeni. Kamba ya kiatu chake ikafunguka. Akasimamisha bunduki chini, kitako juu ya simenti, mukono mumoja kwenye bomba, mwingine kwenye kiatu, na mimi nilikuwa nimeinama juu yake, namucheka kile kiatu, kimefungua mudomo kama kambale. Kitako kiligusa simenti. Kiligusa tu. Na bunduki ikalia. Valère, niliiona mikono yake yote. Kidole hakikuwa pale.

Unatikisa kichwa. Unasema Jacob alimuomba Ketsia ndoa kabla yangu, na wivu haulali. Ndiyo, alimuomba. Ketsia akanichagua mimi kwa uzuri wangu, kila muntu anajua, na siku ya arusi njo Jacob aliyebeba viti tangu asubuhi mpaka shati ikamushikana mugongoni. Unasema mukubwa wako ana roho nzuri, anamuficha rafiki. Mimi, roho nzuri? Muulize Arlette ni nani aliyekula samaki yake utoto wote.

Basi usiniamini. Arlette, mupeleke mutoto inje. Valère, ile bunduki bado iko chini ya meza, ilete. Toa risasi zote. Angalia ndani. Angalia tena, nimesema. Bomba liangalie mabati, sisi wote tukae upande. Ivute iwe tayari kama muntu anayetaka kupiga. Sasa vidole vyako vikae mbali na gasheti, nivione vyote kumi, na ushushe kitako juu ya simenti polepole, kama unalaza mutoto.

Kimya.

Usiniangalie vile. Njo ilivyotudanganya na sisi, Jacob aliiweka chini asubuhi yote na ikanyamaza. Rudilia. Valère, mudogo wangu, nakuomba, mimi ambaye sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Rudilia.

Tak.

Umesikia. Nani amevuta? Sema na mudomo wako. Ketsia, umesikia? Nani amevuta?

Usiitupe, iweke pole. Njoo hapa. Hapana, usipige magoti, nani atakuinua, mimi? Sikia neno utakalobeba mpaka kiwanjani, ulitoe kwa sauti ile uliyonisifia nayo: Zacharie aliharibu. Jacob hakufanya kitu, kazi ya Zacharie ilikuwa mbaya. Ee, Mungu wangu. Neno hili linauma kushinda hili tundu la tumbo. Kama kuna muntu atasema nilikuwa fundi hodari, umukatize, umuambie na habari ya hii gasheti. Utaiondoa, uipige nyundo mpaka isijulikane ilikuwa nini, na bunduki irudi kwa biro bila kitu mahali pake. Muntu asiitengeneze tena. Hata wewe. Zaidi sana wewe, kwa sababu uko na mikono yangu na kiburi changu.

Mukinibeba, Jacob ashike mbele, bega lake na bega lako, watu waone. Na ngombe zile... muende kwa tajiri, mumusemee... asimufukuze.

Enda sasa. Kimbia! Hawatasikia muntu mwingine kama hawakusikia wewe.

Ketsia... fungua dirisha. Arlette, mulete mutoto. Mukono huu unaosikia bado, uuweke juu ya kichwa chake... vile. Mungu awape usingizi, na samaki, na watu wa kuwacheka munapokuwa na huzuni... nawabariki na hii mikono, haina zaidi. Arlette, nilikudanganya. Kulia kunakupendeza.

Wale vijana bado wanaimba kule kiwanjani? Sisikii vizuri... Wanapunguza? Nani anapiga makelele, ni Valère? Anasema nini... anasema vile nilivyomuambia? Aseme kwa nguvu, aseme... jina langu...

Wamenyamaza.

Kuna muntu kwenye njia? Arlette, angalia. Wamemubeba Jacob, ao anatembea mwenyewe?

Anatembea.

Mupisheni... apite... mupisheni.