Picha Mbili za Mguu wa Bi Mkunjo

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, historia hii inasomwa na binti wa marehemu, lakini maneno ni ya dada mkubwa wa marehemu, ambaye shule aliiona kwa nje tu, akayasema yeye yakaandikwa, akaomba lisipunguzwe hata moja, hata pale yatakapomchoma mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mzee mchoma matofali na mkewe, na aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga ni dada huyo, wakati huo mwenye miaka minane, ndiyo maana hadi uzeeni marehemu alimwita mama mdogo kwa utani, na akikasirika alimwita mama mdogo bila utani.

Alisoma shule ya msingi tangu mwaka 1961 hadi 1967, akamaliza darasa la saba, na jioni alikuwa akimfundisha dada yake kuandika jina kwa mkaa juu ya matofali mabovu, dada akafika herufi tatu akasema zinamtosha, majina marefu ni ya watu wasio na kazi.

Januari 1971 aliajiriwa katika duka la dobi karibu na stendi ya mabasi, akapiga pasi kwa miaka thelathini na saba, ya mkaa kwanza kisha ya umeme, akisimama juu ya sakafu ya saruji tangu asubuhi hadi jua kuchwa, na wateja wakampa jina la Bi Mkunjo, kwa kuwa mkunjo wa suruali alioupiga Jumatatu uliweza kuvaliwa hadi Ijumaa, hata mwenye duka alizoea kusema kwamba siku moja atapanda mezani apigwe pasi na yeye, makunyanzi yamtoke, mkewe asimtambue.

Tarehe 5 Agosti 1974 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na meza ng'ambo ya barabara, kijana mwenye suruali moja aliyoileta kupigwa pasi mara tatu kwa wiki, wakajaliwa binti mwaka 1976 na mwana wa kiume mwaka 1979, wakaishi kwa masikilizano hadi mumewe alipofariki tarehe 2 Novemba 2001.

Mwaka 2005 mguu wake wa kulia ulianza kuuma, kwanza kwenye shina la kidole gumba, kisha katikati ya wayo, asubuhi ukawa mgumu kama kuni, na tarehe 11 Februari 2008 dada yake akampeleka hospitali kupigwa eksirei. Hapa ndipo dada alipoomba msomaji asiharakishe. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini aibu inayofuata si ya maiti.

Fundi wa eksirei, mwanamume mpole mwenye miwani, aliweka kibao chini, akamwomba marehemu akipande na kusimama kwa uzito wake wote, marehemu akajaribu, machozi yakamtoka, na dada asiyevumilia kuyaona machozi hayo akaingilia kati.

"Baba, huyu hawezi, mlaze tu, mguu ni uleule."

Fundi akamweleza kwa upole kwamba mguu uliolala hautasema ukweli, dada akamjibu kwamba yeye amezeeka na miguu yake yote inasema ukweli ikiwa imelala, watu kwenye benchi wakacheka, fundi akashindwa, akamlaza. Picha ikatoka safi, mfupa mbali na mfupa, na daktari akasema haoni tatizo kubwa.

Miezi miwili baadaye mama yao alipatwa na kiharusi, akawa wa kuinuliwa na kugeuzwa, na katika kikao cha familia cha tarehe 20 Aprili 2008 kaka yao alisema anaishi mbali, dada akasema ana wajukuu, marehemu akasema mguu wake hautaweza, ndipo dada akaitoa picha kwenye bahasha, akaiinua dirishani wote waione.

"Picha haina ndugu, mdogo wangu. Mguu mzima huo. Sema hutaki."

Marehemu aliacha kazi, akamwinua mama yao kwa miaka minne na nusu, hadi mama alipopumzika tarehe 9 Oktoba 2012, na watu wa nyumbani walipomwona akichechemea walimwita mchezaji wa maigizo, dada akiwemo.

Tarehe 3 Mei 2013, kiatu kikiwa hakiingii tena, alipelekwa hospitali nyingine, na fundi wa kike wa huko hakukubali kubembelezwa, akamsimamisha, kisha akazitundika picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya, na katika ile mpya nafasi katikati ya wayo haikuwapo, mifupa imekaliana, kwa kuwa gegedu linaloitenganisha lilikuwa limelika. Alisema ugonjwa huu haukuanza jana, ila godoro huwezi kujua limeisha mpaka mtu alilalie, na mguu nao ni hivyo hivyo, kisha akauliza nani aliagiza apigwe amelala.

Dada alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Marehemu ndiye aliyejibu.

"Fundi wa siku ile alikuwa na haraka."

Dada akauacha uongo huo usimame miaka kumi na moja, mtaa mzima ukamsema yule fundi mwenye miwani kuwa ni mzembe, na dada akaitikia, na marehemu hakumuumbua hata siku moja, hata walipogombana.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika na ugonjwa wa moyo, akatibiwa na kupata nafuu mara kadhaa, lakini Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada, ambaye alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza kulisema kosa lake. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na ndugu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya moyo, majirani waliomletea maji mlangoni, na wenzake wa duka la dobi walioipiga pasi nguo aliyovikwa leo. Kwa fundi wa eksirei mwenye miwani, ambaye tumeambiwa amestaafu na yupo hapa miongoni mwetu, familia inaomba radhi mbele ya watu wote, wewe ulisema kweli, na aliyekukataza ameketi mstari wa mbele, kitambaa cha kijani, hajaomba kufichwa.

Bi Mkunjo, kitinda mimba wetu, deni la ule uongo tumelitoa mikononi mwako, pumzika kwa amani.