Vumbi la Newala

Kiti cha mbele yangu, kwenye basi la Pugu, fundi alikuwa anamwonyesha mama mmoja mjane filta ya hewa ya gari ambalo mama huyo anataka kuliuza. "Hii ni ya kubadilisha, mama. Niliiweka mpya wiki ya msiba, ona ilivyoziba. Hata kuipuliza upepo haisaidii."

"Venance, gari halijatoka uani tangu mzee afariki."

Hapo niliacha kujifanya nachati. Fundi aliigonga filta kwenye goti, likamwagika vumbi jekundu. "Vumbi hili si la hapa."

"La kwetu Newala, tulikomzika."

"Na mlango wa gari nimeukuta wazi. Ufunguo anao nani?"

Mama alikung'uta khanga yake taratibu. "Ulibaki mfukoni, kwenye suti tuliyomzika nayo."

Basi likasimama kwenye kituo walichokuwa wameomba kushushwa. Konda aliita mara mbili, hakuinuka mtu.