Akilia Anamwendea Nani?

Benchi lenyewe ni ubao tu, umepigwa misumari juu ya magogo mawili nje ya duka la Fundi, mshona nguo. Kila siku saa nne asubuhi walikutana hapo watu watatu: Fundi mwenyewe, Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini, na Kamusi, karani mstaafu wa shule, ambaye hakuna neno asilolijua mpaka umuulize maana yake. Siku hiyo Fundi alitoka na chupa ya kahawa, akamimina vikombe vitatu. Ndani ya duka, chini ya meza ya kukatia vitambaa, alikaa mjukuu wa dada yake, msichana wa miaka minne. Alikuwa ameletwa wiki sita nyuma, baada ya majirani kuvunja mlango wa chumba alimofungiwa peke yake siku mbili.

— Dada anataka jibu leo, Fundi alisema mwishowe. Nibaki naye, au apelekwe makao ya watoto.

— Kakufanya nini tena? Breki aliuliza.

— Jana mteja kaangusha mkasi. Mtoto kajikojolea palepale. Nainama nimwinue, kaning'ata.

Akaonyesha mkono. Alama za meno zilikuwa zimejipanga vizuri kabisa.

— Na juzi nafua foronya, nakuta vipande vya mkate ndani. Vimeota ukungu.

— Ukorofi huo, Breki alisema. Mimi baba alinichapa kwa mkanda wa injini mpaka nikawa mtu. Si mnaniona?

Walimwona. Fundi aliona na kingine, ambacho amekiona miaka yote: Breki hakai hata siku moja akiipa barabara mgongo.

— Ukorofi wapi! Kamusi alidakia. Hilo ni suala la ubongo. Mtoto anazaliwa nyaya zake zimelegea, zinaning'inia tu. Mama akimchekea, waya mmoja unaungana. Akilia akabebwa, unaungana mwingine. Sasa huyu kafungiwa. Zimeungana za kengele peke yake. Nyumba nzima kengele, taa hakuna!

— Basi atolewe fyuzi.

— Ubongo hauna fyuzi, wewe.

— Kila chenye waya kina fyuzi! Nani kaendesha lori hapa, mimi au wewe?

— Na tena, Kamusi aliendelea, maana akishaanza hana kituo, mtoto aliyeogopeshwa sana kichwa chake hakikui. Kinagoma. Ukipima utajua kila kitu.

— Acha uongo.

— Fundi, lete futi yako.

Futi ilikuwa shingoni mwa Fundi kama kawaida. Kamusi aliivuta, akajipima kichwa mwenyewe: sentimita hamsini na nane. Kisha, kabla Breki hajageuka, akamzungushia kichwani kwa nyuma.

— Hamsini na nne! Hayo ndiyo matunda ya mkanda wa injini!

Breki aliruka. Kikombe kikaanguka, kahawa ikamwagika yote.

— Usinishike kichwa! Nimesema usinishike kichwa!

Mkono aliouinua kujikinga ulibaki hewani kidogo. Kamusi aliikunja futi polepole, akamrudishia Fundi.

— Utani tu, ndugu yangu.

— Najua, Breki alisema. Hakukaa.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke aliyesimama mlangoni mwa duka, mgeni wa mtaa, ameshika sare ya kazi ya kupunguzwa kiuno. Ilionekana amesimama muda mrefu.

— Samahani wazee wangu, nimesikia bila kukusudia. Huyo mtoto akilia, anamwendea nani?

Breki alimtazama Kamusi. Kamusi alimtazama Fundi. Fundi alihesabu wiki zote sita kimoyomoyo. Wiki ya pili mtoto alibanwa kidole na droo. Alikitia kwapani, akageukia ukuta.

— Hajawahi kulia, Fundi alisema.

— Siku atakayolia, je, baba?

Mwanamke aliacha sare, akaaga, akaenda zake.

Fundi aliingia ndani. Alimpigia dada yake, akamwambia mtoto habanduki hapa. Kisha akaketi sakafuni, hatua mbili kutoka mezani, akaanza kushona vifungo kwa mkono. Hakumwita wala hakumtazama. Kesho yake akakaa palepale. Mkate aliuweka kwenye sahani, mahali pa chini ambapo mkono wa mtoto unafika, na kila ulipoisha aliongeza bila kuuliza. Mteja akija, Fundi alisema kwanza, kwa sauti ya kawaida, "Nashika mkasi sasa," ndipo anaushika. Wateja walidhani anazeeka. Mara mbili zaidi aling'atwa.

Wiki ya tatu tangu siku hiyo, asubuhi, mtoto alikanyaga pini. Alinyamaza kwanza, kama alivyozoea. Halafu midomo ikaanza kumcheza. Alitoka chini ya meza akichechemea, akampita mteja, akaupita mlango uliokuwa wazi bila kutoka, akasimama mbele ya Fundi, aliyekuwa upande wa pili kwenye cherehani, na kumnyooshea mguu.

Fundi alichomoa pini, akambeba.

Nje kwenye benchi walimsikia mtoto akilia, kilio kikubwa kisichokwisha upesi. Kamusi aliinuka kwenda kuuliza kuna nini. Breki alimvuta shati.

— Kaa, alisema. Mwache alie.