Mama Chai Arudishwe Jikoni

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu mpya; meneja wa kiwanda; wafanyakazi wenzetu.

Sisi wafanyakazi tusio Waislamu wa kiwanda hiki cha kushona sare tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tu wachache, wa rangi na asili mbalimbali. Tukikaa pamoja tunajaza benchi moja tu.

HISTORIA

Mlezi wetu hapa ni Mama Chai, mpika chai wa jikoni, Mwislamu wa swala tano, mkali kama pilipili. Mfanyakazi mpya akija, Mama Chai humtazama juu mpaka chini, kisha humuuliza, "Umekula wewe?" Hajawahi kumuuliza mtu dini. Mkata vitambaa wetu alipofiwa na mama yake, Mama Chai alikaa nje ya kanisa hadi ibada ikaisha, akapanda gari la msiba pamoja nasi. Uislamu tuliujulia kwake.

MAFANIKIO

Hatujawahi kugombana na mtu kwa ajili ya dini. Tunajivunia hilo, ingawa siku hizi tunazungumza kwa sauti ya chini.

CHANGAMOTO

Mwaka huu vikombe vyetu vilipakwa alama nyekundu, vikatengewa rafu yake. Msimamizi wetu alituambia dini ndiyo inataka hivyo. Sisi si wanazuoni, hatukubisha, tuliumia tu. Mama Chai akaviosha vyote pamoja, akavipanga rafu moja. Msimamizi alipomfokea, alimjibu, "Baba, sabuni ni ile ile ya miaka yote. Leo imeharibika nini?"

Aliondolewa jikoni siku hiyo hiyo. Sasa anafagia uwanja, na magoti yake ni mabovu. Mwisho wa mwezi ataachishwa kazi kabisa.

Tulipomwendea kuhusu risala hii, alisema, "Wanangu, msinitaje. Watasema mmenirubuni niiache dini yangu." Tumemtaja. Tunajua atatugombeza.

OMBI

Tulikusudia kukuomba chumba cha kusalia. Tumeliondoa ombi hilo. Vikombe navyo vibaki na alama zake, tutazoea. Tunaomba tu Mama Chai arudishwe jikoni.

Hayumo humu ukumbini. Yuko nje, anafagia pale gari lako litakapogeuzia.

Yeye hutuombea kwa Mungu wake, kila mmoja kwa jina lake. Nasi tunakuombea vivyo hivyo: ufike kwako salama, uwakute watu wako wazima, na ukimpita pale nje, umsalimie.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Benchi la Nyuma, Kiwanda cha Sare