Sixbert Bundala Aweka Chini Besi Kubwa

Baada ya miaka arobaini na mmoja katika bendi yetu ya Igombe Jazz, Sixbert Bundala anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alikuja Tabora kutoka Urambo mwaka 1984, kijana mpakiaji wa marobota ya tumbaku aliyejifunza muziki katika kwaya ya Moravian. Alikabidhiwa besi kubwa ya kusimama, ndefu kama mtu mzima, kwa sababu moja tu: ndiye aliyeweza kuibeba. Haukupita muda, akawa ndiye pekee aliyeweza kuipiga ipasavyo.

Safari moja ya treni aliilaza kwenye behewa, kaifunika shuka jeupe. Mama mmoja aliyepandia kituo cha Tura akaitazama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Poleni na msiba, baba."

"Asante, mama. Ila huyu hajafa, kalala tu."

Mama akahamia behewa jingine.

Msiba wenyewe ulitufika mwaka 1998. Lori lililotubeba kutoka Urambo lilipinduka. Uwesu mpiga ngoma, Shaban mwimbaji na Emilian wa tarumbeta walifariki palepale. Sixbert alivunjika mbavu, lakini alikwenda kuwazika wote watatu. Tukakubaliana kuvunja bendi.

Zamda, mjane wa Uwesu, akiwa bado edani, alimtuma kaka yake amwite Sixbert nyumbani Mtendeni. Alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, mkiacha kupiga, mwenzenu atakuwa amekufa mara mbili."

Jumamosi iliyofuata Sixbert alipanda jukwaani peke yake, akapiga besi na kuimba kwa sauti yake mbovu, machozi yakimtoka. Watu hawakucheza, wala hawakuondoka. Mmoja mmoja, nasi tukarudi.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga mkono wa kushoto. Alijitahidi kufanya mazoezi kwa miezi, lakini vidole vikamgomea. Februari mwaka huu, katikati ya wimbo, aliacha kupiga, akasema, "Basi, jamani. Nawaharibia." Hakuna aliyembishia, maana ilikuwa kweli. Hilo linatuuma hadi leo.

Kaka Sixbert, ahsante. Bila wewe tungezikwa wote mwaka ule. Tunajua siku za mazoezi unapita barabara ya nyuma usitusikie. Hatukulaumu. Mungu akupe afya na maisha ya utulivu, na siku moyo utakapokuruhusu, pita mbele.