Bwana Zima na Printa Iliyoota Ndoto Kali

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa nishati wa chuo chetu atakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Faili lake ninalo mimi, mtunza masijala, na nimelisoma lote kabla ya kushika kalamu. Halina onyo hata moja. Langu lingestahili kuwa nalo, kama mtakavyosikia.

Aliajiriwa akiwa fundi umeme. Siku hizo kubana matumizi ilikuwa kazi ya miguu: alipita chumba hadi chumba akizima taa, feni na chochote kilichosahauliwa, na huko ndiko alikopata jina la Bwana Zima. Wapo walimu waliozimiwa taa wakiwa bado wamo darasani, chaki mkononi. Shemeji yetu, mke wake, anaapa kwamba siku ya harusi yao aliwahi swichi za ukumbi kabla mpiga picha hajamaliza kazi. Mwenyewe anasema picha zilitoka vizuri tu.

Kisha mtandao ukaingia. Kompyuta, printa, ruta, kamera, simu za mezani zenye vioo vya kuwaka: vyote vikawa macho muda wote, hata chumba kikiwa kitupu. Bwana Zima alihesabu vifaa, akaitazama miguu yake miwili, akaona haviendani. Akaomba kozi ya wiki sita, akarudi na kitabu kinene cha viwango vya kupima na kusimamia umeme wa vifaa vya mtandao, na kwa mwezi mzima hatukusikia jambo jingine. Alieleza mpaka mpishi wa kantini akaelewa: kila kifaa kitaje jina lake, kiseme kinakula wati ngapi na kama kimewaka, kimelala au kimezimwa, kisha kikubali kulazwa na kuamshwa kutoka mbali. Kifaa kisichojua kusema kisemewe na mzazi wake, yaani kile kinachokipa umeme. Mpishi alisema hata wanawe hawajafikia kiwango hicho.

Mwanzo wenyewe ulikuwa kichekesho. Aliagiza kila kifaa kisicho na kazi kwa dakika kumi kilale. Wakati wa chakula cha mchana vikalala vyote, utii ulioje! Tuliporudi akabonyeza amri ya kuamsha. Kimya. Swichi ya mtandao iliyopaswa kuipeleka amri ilikuwa imelala pamoja na wenzake. Na siku yenyewe ilikuwa ya usajili, wanafunzi mia nne wako kwenye foleni. Mkuu wa chuo mwenyewe alipanda ghorofa tatu akiwasha kompyuta moja moja kwa kidole, koti begani, jasho likimtiririka.

Kesho yake Bwana Zima alirudi kwenye kurasa alizokuwa ameziruka, akaongeza safu kwenye rejista ya vifaa: umuhimu, kuanzia moja hadi mia. Printa zilipata kumi. Swichi ile ilipata mia, maana yake isilazwe kamwe. Tangu hapo mambo yakanyooka, umeme tunaotumia ukashuka kwa theluthi, na vyuo vingine vikawa vinatuma watu kuja kujifunza kwake. Kila Jumatatu alibandika ripoti ubaoni. Hamu yake ikabaki moja: asistaafu kabla chuo hakijapata cheti cha kiwango kile. Na sharti la cheti ni gumu, pasiwe na wati hata moja isiyojulikana inakwenda wapi.

Hapo ndipo dhambi yangu inapoingia. Waraka wa kupiga marufuku mabirika ya umeme maofisini aliuandika yeye. Nikaugonga mhuri mimi, nikausambaza mimi, nikauweka faili mimi, kisha nikachomeka birika langu nyuma ya kabati, kwenye ekstensheni ya printa. Baridi ya chumba kile haisomi waraka, jamani! Jumatatu iliyofuata ripoti ikatoka na maajabu: printa ya masijala, imelala, wati elfu moja na mia tano, saa nne asubuhi kila siku.

Chuo kizima kilicheka. Wakasema printa ya masijala inaota ndoto kali. Bwana Zima akaja na bisibisi, akaifungua, akaifunga, akakuna kichwa. Kwa kuwa mgeni hanyimwi kitu, nikampa kikombe cha chai na kumdanganya kwamba imetoka kantini kwenye chupa. Akarudi Jumanne iliyofuata. Halafu akawa anakuja Jumanne na Alhamisi, halafu kila siku, saa nne na dakika tano, bisibisi mfukoni. Alikunywa, akaitazama printa kwa huzuni, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaomba cha pili. Alibadilisha waya za printa ile mara tatu. Ubaoni aliandika kwamba uchunguzi unaendelea, na uliendelea miaka sita, sukari vijiko viwili. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nakosa raha, lakini kinywa changu kilikuwa kizito.

Mwezi uliopita mkaguzi wa cheti akaja. Niliumia kweli. Mstari ule wa printa kwenye ripoti ukibaki bila maelezo, mtu huyu angeondoka mikono mitupu kwa sababu ya chai yangu. Siku za mwizi ni arobaini, nikaona heri mwizi ajitaje mwenyewe. Tulikuwa ukumbini, wafanyakazi wote na mkuu wa chuo mbele, na mkaguzi alipofika masijala kwenye rejista nikasimama.

Sikuwahi kusema neno. Mkaguzi akasoma, sauti kavu: birika la umeme, mzazi wake ekstensheni ya printa, mwenye nalo mtunza masijala, huchemka saa nne. Umuhimu, mia. Na tarehe ya kuandikishwa ilikuwa wiki ile ile ya kwanza, miaka sita iliyopita.

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho bado nakisikia. Mkuu wa chuo akataka kujua imekuwaje kuhusu ule waraka. Bwana Zima, bila kupepesa macho, akajibu kwamba kiwango hakikatazi birika, kinakataza birika lisilojulikana, na hili alilijua. Kuhusu waraka, alisema aliyeuandika anastaafu mwisho wa mwezi ujao. Mkaguzi akagonga mhuri. Cheti kimetundikwa mlango mkuu, nendeni mkakione.

Nilimfuata nje na hasira na machozi, vyote kwa pamoja. Miaka sita ananiacha nihangaike! Akaniambia kwa upole kwamba grafu ilimweleza kila kitu. Wiki ya kwanza maji yalichemka dakika mbili. Baadaye zikawa nne, akajua kwamba sasa anachemshiwa na yeye, na hakuona sababu ya kukatiza uchunguzi unaokwenda vizuri namna ile.

Bwana Zima, ahsante kwa chuo kinachojua kulala na kuamka, na kwa kunisitiri. Kapumzike kwa afya njema, na shemeji umwachie walau taa ya jikoni. Rejista anayo msaidizi wako, na ile mia hajathubutu kuigusa. Ila kuanzia tarehe mosi grafu ya saa nne itarudi dakika mbili, nami nitalazimika kuiona kila Jumatatu ubaoni. Pita siku yoyote uirudishe nne. Bisibisi si lazima.